Wimbo wa Kufungia Ukumbi

8 Februari

Wifi yangu wa mbali,

Nakusalimu kwa niaba ya nyumba nzima pamoja na cherehani yangu, maana ndiyo inayotulisha na ina haki ya kutajwa. Sisi wazima. Mama yako magoti yanamsumbua lakini ulimi uko palepale. Jana alinigombeza kwa chumvi kidogo, leo kanigombeza kwa chumvi nyingi, nikajua hajambo kabisa. Mwanao wa hapa ameingia kidato cha tatu na ameanza kunisahihisha ninavyoongea. Viatu ulivyomtumia vimemtosha, asante, shangazi ndio wewe.

Kaka yako naye anaendelea. Najua umeruka mistari yote kutafuta huu, ndiyo maana nimeuweka mwisho. Tangu kile kiharusi mkono wa kulia bado mzito na mdomo bado umevutika upande mmoja, lakini anafika uani na kurudi akijishikilia fimbo, na anatukana vizuri. Muuguzi wa chumba cha mazoezi ya viungo anasema matusi ni dalili njema.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Hospitali inaandaa mashindano ya hisani ili chumba hicho cha mazoezi kipate vifaa. Maofisi ya hapa mjini yatashindana, mpira wa miguu kwa wanaume na mpira wa pete kwa wanawake, na mwisho kutakuwa na karamu kubwa ya kufunga, yenye kombe, hotuba na bendi. Jana kamati ilikuja nyumbani. Aliyewaongoza ni Bwana Suti, yule yule aliyekuwa akipiga gitaa kaka yako alipokuwa akipiga tarumbeta, na ambaye sasa ndiye mwenye bendi. Suti ni ile ile, ila tumbo ni jipya. Wanataka kaka yako apande jukwaani siku ya karamu apige tarumbeta, wimbo mmoja tu, watu waone chumba kile kinafanya kazi gani.

Mimi nimekataa. Mtu huyu hawezi kushika kikombe cha chai bila kujimwagia, leo nimpeleke mbele ya watu wanaotafuna kuku wakae wakimwangalia mdomo? Ila walipoondoka kaka yako aliniomba nimtolee tarumbeta uvunguni mwa kitanda, akakaa nayo mapajani mpaka chakula kikapoa. Hilo ndilo linaloniuma. Niambie la kufanya, wewe ulimjua kabla yangu.

Wifi yako

2 Machi

Wifi mwenye cherehani,

Mimi mzima, ukiacha mikono. Sabuni ya hapa kwenye dobi la hoteli imeila mpaka nikikunja vidole nasikia vinalalamika. Nafua shuka za watu ambao sura zao sitaziona maisha yangu yote, lakini tabia zao nazijua, usiniulize. Msimamizi wetu amenihamishia kwenye pasi, ambako angalau kuna joto. Mwambie mama dawa ya magoti nimempa mtu anayekuja huko, na mwambie chumvi aache.

Kuhusu kaka, jibu langu ni moja. Mwache apige.

Unaogopa watu watamwangalia mdomo? Wamwangalie! Si ndio hao hao waliokuwa wakimwangalia mdomo huo huo huku wanacheza mpaka soli za viatu zinabanduka? Wewe ulimpataje, kama si kwa kumwangalia mdomo? Nilikuwepo, usijifanye umesahau. Ulikuja ukumbini kupeleka gauni la mteja, gauni likakesha na wewe.

Ukimfungia ndani utamzika angali hai. Huyo si mgonjwa wa kufunikwa blanketi, ni mpiga tarumbeta. Nakuomba, wifi, kwa heshima yote ninayokupa na ile ninayokudai, usimnyime jukwaa kwa sababu ya woga wako. Ingekuwa mimi niko hapo ningemsukuma kwa mikono yangu miwili.

Mshike mkono, mpandishe, kaa mbele umpigie makofi. Uniandikie kila kitu.

Wifi yako, mfua shuka

6 Aprili

Wifi,

Pokea salamu zetu, na laana za majirani, kwa kuwa wewe ndiye uliyesema mwache apige.

Nimemwachia. Alianza na kidomo cha tarumbeta pekee, kile kipande cha kupulizia, kila asubuhi kabla ya chai. Wiki za mwanzo ilikuwa sauti ya mbuzi aliyenaswa kwenye ua. Jirani wa kushoto alikuja kuuliza kama tunahitaji msaada. Mama yako akamjibu kwamba tunahitaji utulivu, na kwamba mlango ni ule ule aliopitia kuingia.

Tatizo lilikuwa mkono. Wa kulia ndio unaobonyeza vile vitufe vya juu, na wa kulia ndio huo umelala. Nikakaa nikafikiri kifundi. Nikamshonea mkanda wa turubai unaopita begani na kuzunguka kiunoni, mbele una kimfuko kinachobeba tarumbeta, ili mkono wa kulia uegeshwe tu na wa kushoto ndio ufanye kazi. Nimeufumua na kuushona tena mpaka nimeuchukia. Mara unambana, mara tarumbeta inaangalia dari, mara inamwangalia mama. Sasa umekaa sawa. Mchana nashona vesti za timu za mashindano, nimepewa kazi zote, benki wana vifua vipana kuliko miguu yao inavyostahili. Jioni namvalisha mkanda, tunaanza.

Amechagua ule wimbo wenu wa kufungia ukumbi, ule ambao bendi ilikuwa haiupigi mpaka wahudumu waanze kupandisha viti juu ya meza. Zile sauti za juu kabisa hawezi tena kuzifikia, kwa hiyo ameziondoa. Anapiga kipande kifupi, anatua, anavuta pumzi, anapiga kingine. Mwanzoni nilidhani amekwama nikataka kumsaidia kwa maneno. Akaniambia, "Nyamaza, mwanamke, hapo ndipo wimbo ulipo." Wifi, ni kweli. Wimbo ule zamani ulikuwa wa kuwafukuza watu wakalale. Huu wa sasa unamtaka mtu akae.

Juzi aliupiga wote, mwanzo hadi mwisho. Mama yako alikuwa anachambua mchele, akaacha. Akasema, "Huyo ni mwanangu," kisha akaendelea na mchele. Mwanao alijifungia chumbani, akatoka macho mekundu, akanidanganya ni vitunguu na jikoni hakukuwa na vitunguu.

Nilikuwa mjinga, wewe ulikuwa sahihi. Nimelisema mara moja, usilitegemee tena. Karamu ni mwezi ujao.

Mke wa kaka yako, ambaye leo ana furaha

28 Aprili

Wifi kipenzi,

Ninaandika nikiwa nimesimama, mapumziko ni mafupi. Nimesoma barua yako mpaka imelegea kwenye mikunjo. Hongera kwa mkanda, hiyo akili hata hospitali hawana.

Ila nikuulize, midomo yake ikoje hasa? Sebule yenu naijua, mtu akinong'ona jikoni anasikika barazani. Ukumbi ule ni mkubwa. Kutakuwa na mgeni rasmi, wakubwa wa maofisi, watu waliomjua enzi zake. Pumzi ikimkatikia katikati? Nauliza tu, usikasirike. Hata usijibu, jibu halitawahi.

Wewe mvalishe vizuri, shati jeupe, kola ngumu. Mengine yatajipanga. Siku hiyo itakwenda vizuri, naijua.

Wasalimie wote, mama mwambie namwota.

Wifi yako

30 Mei

Wifi,

Hatujambo. Dawa ya mama imefika.

Karamu imepita. Posta waliwafunga benki kwa penalti. Kwenye mpira wa pete kombe walichukua wauguzi, nahodha wao akiwa na bendeji gotini. Meza zilitandikwa vitambaa vyeupe. Chakula kilikuwa kingi. Mgeni rasmi aliongea mpaka barafu ikaisha kwenye glasi. Kaka yako alivaa shati jeupe, kola ngumu, kama ulivyosema. Alipanda jukwaani. Watu walisimama wakapiga makofi.

Basi. Nina kazi nyingi mezani.

Mke wa kaka yako

5 Julai

Wifi, wifi, wifi!

Barua yako ilikuwa kavu mpaka nikadhani mmegombana na kaka. Kumbe ulikuwa unaniachia nisikie mwenyewe! Jana nimepokea kanda kutoka kwa Bwana Suti, kanda ya muziki wote wa karamu. Alinitumia kwa nia njema, lazima tukubali.

Nilikopa redio kaseti kwa mwenzangu wa zamu. Nikaifungulia palepale kwenye pasi, msimamizi akiwa ametoka. Bendi imepiga, hotuba, makofi, vijiko. Halafu Bwana Suti anamtangaza kaka. Halafu ile sauti. Wifi, niliunguza mto wa mgeni. Kaka yangu! Safi, haitetemeki, na zile sauti za juu ulizosema hawezi, amezifikia zote! Ulitia chumvi, au alikuwa anawaficha? Ndiyo tabia yake, alikuwa anapenda kuweka akiba ya siku ya siku.

Wenzangu wameacha pasi wakanizunguka. Hawajui neno la lugha yetu lakini walinishika mabega, wakaelewa. Nimewaambia huyo ni kaka yangu, madaktari walisema hataongea. Nimeirudisha kanda mwanzo nikaisikiliza tena na tena. Nilikuwa na wasiwasi fulani moyoni ambao sikukuandikia, sasa umekwisha.

Mbona huniambii anavyojisikia? Anapiga kila siku? Amerudi bendini? Mwambie akae aniandikie mwenyewe hata kwa mkono wa kushoto. Wewe nawe toa hiyo sura ya kazi nyingi, sherehekea.

Dada mwenye furaha kuliko wote mwezi huu

21 Julai

Wifi,

Mama anakusalimu. Mwanao anakusalimu. Nilikuwa nimeamua nisikuandikie haya, lakini barua yako ilisomwa kwa sauti hapa ndani kabla sijaipitia, mama ndiye aliyemwambia mwanao asome, na kaka yako alikuwepo. Alisikia mpaka mwisho, mpaka pale pa sauti za juu. Kisha akaomba apelekwe kitandani. Kwa hiyo sasa nakuandikia.

Nilikaa meza iliyo karibu kabisa na jukwaa. Nilimvalisha mkanda mwenyewe, nikakaza kifungo, nikashuka. Bwana Suti akamtangaza kwa maneno mazuri. Kaka yako akaweka kidomo midomoni, akafumba macho, akapuliza. Sauti ikatoka kwenye maspika, kubwa, laini, ndefu. Nami mpumbavu nikafurahi.

Halafu zikaja zile sauti za juu. Zile alizoziondoa.

Akafumbua macho. Akapuliza tena, nikaona mishipa ya shingo imemsimama, lakini maikrofoni iliyokuwa mbele yake ilikuwa imezimwa. Alichokuwa anapuliza kilimezwa na maspika, hakikufika hata kwangu. Akaangalia tarumbeta, akaangalia maspika. Akaitoa mdomoni polepole, akaiachia, ikaning'inia kwenye mkanda niliomshonea. Na wimbo ukaendelea. Unanielewa, wifi? Tarumbeta iko tumboni, mikono yake miwili iko chini, na wimbo wake unaendelea kupigwa.

Nyuma ya pazia walikuwa wamemweka mpigaji tarumbeta wa bendi ya polisi. Huyo hakuwa anaona mbele, hakujua kama anatakiwa aache. Akapiga ule wa zamani, wote, bila kutua mahali popote.

Utaniuliza watu hawakuona? Wengi walikuwa na sahani. Waliokuwa wakiangalia walidhani ndivyo ilivyopangwa, au hawakutaka kufikiri, walikuwa wameshiba. Wakasimama. Wakapiga makofi. Mgeni rasmi akajifuta macho kwa kitambaa cha meza. Kaka yako akasubiri wimbo wa mtu mwingine uishe, kisha akainamisha kichwa kushukuru, kwa sababu mama yako alimlea na adabu. Nilipopanda kumshusha, akaniambia sikioni, "Ulijua?"

Hilo ndilo neno la kwanza aliloniambia. Mimi. Niliyefumua turubai ile mpaka vidole vikatoka damu.

Ulichosikia kwenye kanda si pumzi ya kaka yako. Wimbo wake tumeusikia watu watatu tu duniani, mama, mwanao na mimi, na hatapiga tena, nimeshamwomba nimechoka. Kidomo amekitumbukiza shimoni chooni. Chumba cha mazoezi haendi. Muuguzi wake alikuja na lile kombe la mpira wa pete ili wapige naye picha, akageukia ukutani.

Sijui nani alipanga. Bwana Suti ananikwepa. Akiniona njiani anajitupa kwenye duka lolote lililo karibu, juzi kaingia la sidiria. Nitampata.

Mke wa kaka yako

19 Septemba

Wifi yangu,

Naomba radhi kwa kuchelewa. Nilikuwa na homa, halafu zamu zikabadilishwa, halafu tumehamishwa vyumba. Natumaini mama anaendelea vizuri na mwanao anasoma. Nimemwekea sweta.

Niliyoyasoma yameniumiza sana. Bwana Suti hana haya. Siku zote alikuwa mtu wa kujipendekeza kwa wakubwa, hata kaka alikuwa akisema. Kumzimia mtu maikrofoni ni unyama na nikimwona atanitambua.

Lakini tujaribu pia kuwa waungwana, wifi. Ukumbi mkubwa, wageni wale wote, midomo ile. Yule mpigaji alikuwa akae tu pembeni, aingie endapo pumzi ingemkatikia kaka, hakutakiwa kuanza kabla. Wamekosea kutekeleza. Pengine aliyelifikiria alikuwa na nia njema, hakutaka aibu impate mtu ambaye amekwishapatwa na mengi. Mtu akiwa mbali anaona picha mbaya tu usiku na mchana, hana wa kumuuliza.

Mbembeleze. Kaka hasira zake hazidumu. Kidomo kingine nitanunua huku, niambie ukubwa. Kanda nimeifungia sandukuni, siwezi kuisikiliza na siwezi kuitupa.

Nijibu, tafadhali. Na haya ya mpigaji usimsomee kaka.

Wifi yako anayewapenda

14 Oktoba

Wifi,

Salamu leo sina, utazikuta kwa mama.

Nani alikwambia kwamba mpigaji alikuwa akae pembeni mpaka pumzi ikatike? Mimi sikukuandikia hivyo. Sikuandika kwa sababu sikujua. Nimekuja kujua wiki iliyopita, Bwana Suti alipokosa duka la kujitupa. Nilimbana ukutani mwa ofisi ya kamati nikiwa na mkasi mkononi, nilikuwa natoka kazini tu, lakini yeye hakujua. Akasema ulipiga simu pale ofisini. Ulilia. Ukamwambia, "Msimwache kaka yangu aaibike, wekeni mtu." Akasema, "Shemeji, dada mtu analia kwenye simu kutoka mbali kote kule, ningefanyaje?" Halafu naye akaogopa mpigaji atachelewa kuingia, akaona heri aanze tangu mwanzo. Akaweka woga wake juu ya wako.

Uliniandikia mwache apige. Ulinitukana kwa utani, ukaniita mwoga, ukasema namzika angali hai, nikakuamini. Nikaacha woga wangu kwa ajili ya maneno yako, kumbe wewe mwenyewe huyaamini. Mimi nilikaa naye kila jioni nikasikia wimbo unatoka. Wewe hukusikia hata sauti moja, ukaamua hawezi. Mlimvika kilemba cha ukoka mbele ya mji mzima, na mimi ndiye niliyemfunga vifungo vya shati. Nikukasirikie kwa maneno gani? Yote uliyoyasema yalikuwa mazuri.

Usiniandikie kwamba ulifanya kwa mapenzi. Najua ni mapenzi. Ungekuwa adui yake ningejua pa kuanzia. Sweta tuma, mtoto hana kosa. Kidomo usitume.

Kaka yako nimemwambia. Uliomba nisimwambie, nimemwambia, kwa sababu nyumba hii imeshafichwa mambo ya kutosha. Nilidhani atapiga kelele. Alisema tu, "Kumbe hata yeye." Akaomba maji.

Sasa nikupe habari moja ya nyumbani, maana ulisema nikuandikie kila kitu. Jumatano asubuhi nilikuwa sakafuni nakata kitambaa, mama amekaa dirishani. Kaka yako akainuka kitandani bila fimbo wala kumwita mtu. Akavuka chumba, akapita sebuleni kwa miguu yake mwenyewe, akafika kwenye mlango wa uani pasipo kujishikilia popote, jambo ambalo muuguzi alisema huenda tusilione. Nikaangusha mkasi. Nikapiga makofi, wifi, sikuweza kujizuia, na mama naye akapiga.

Akasimama. Akageuka polepole, akaangalia nyuma yake. Akaangalia nyuma ya mlango, akaangalia nyuma ya pazia la dirisha. Akaniuliza, kwa upole kabisa, "Safari hii mmemficha wapi?"

Nikamwambia hakuna mtu. Nikamwapia. Akasema, "Sawa," akaketi palepale mlangoni, na hajainuka bila kushikwa tangu siku hiyo.

Mke wa kaka yako